Kumpasha Habari Mzazi na Mwanafunzi kwa Simu na Kompyuta: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasa

Chukua darasa la Kidato cha Pili katika shule ya kata: wanafunzi sitini na ushee, kompyuta moja iliyoko ofisi ya taaluma, umeme wa kubahatisha, na wazazi ambao wengine wana simu janja na wengine wana kitochi. Mwalimu wa darasa hilo akitafuta ushauri mtandaoni hukutana na programu zilizotengenezewa shule ambako kila mtoto ana tableti yake. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya kata. Mifano ni ya Tanzania. Mwalimu wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi na ya sheria, na mengine atayakuta yaleyale.

Msimamo wangu ni huu: anza na mzazi mwenye simu duni kuliko wote, halafu ndiyo upande. Ukianza na programu nzuri utawahabarisha wazazi ambao tayari walikuwa na habari, na yule ambaye mwanawe anatoroka shule tangu wiki iliyopita ataendelea kubaki gizani.

Hatua ya 1: Orodha ya namba

Kazi nzima imesimama hapa, na hapa ndipo wengi tunapolipua. Ofisi nyingi zina namba zilizoandikwa siku mtoto alipoingia Kidato cha Kwanza na hazijaguswa tena. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, kisha hupewa mtu mwingine. Ndiyo maana meseji ya "mwanao hajafika shuleni" inaweza kumwangukia kijana wa Tunduma ambaye hata mke hana.

Tengeneza fomu ya nusu ukurasa. Iwe na jina la mwanafunzi na mkondo wake. Jina la mzazi au mlezi na uhusiano wao, iwe mama, baba, shangazi au bibi. Namba mbili za simu. Aina ya simu, kitochi au simu janja. Mchana simu inakuwa kwa nani. Na kama mzazi anapenda kuandikiwa au kupigiwa. Chini iwepo nafasi ya sahihi ya kukubali kutumiwa ujumbe, na nyingine ya kukubali au kukataa picha za mtoto kutumika.

Maswali mawili hapo yana sababu. Nyumba nyingi namba iliyoandikwa ni ya baba, na baba yuko machimboni Geita au anaendesha lori la kwenda Lubumbashi. Mama anayekaa na mtoto anasikia habari usiku, au hasikii kabisa. Ukijua mchana simu iko wapi, unajua namba ipi ianze. Hilo la kuandikiwa au kupigiwa ni njia ya heshima ya kujua nani hasomi. Bibi anayejibu "nipigie tu mwanangu" hajaaibika mbele ya foleni, nawe umeshaelewa.

Fomu ijazwe siku ya kikao cha wazazi, Januari shule zinapofunguliwa, mzazi akiwa mbele yako. Usimpe mwanafunzi akaijazishe nyumbani. Mtoro mzoefu ataandika namba ya rafiki yake wa bodaboda, na rafiki atafundishwa kuitika kwa sauti nzito, "Ndiyo mwalimu, mimi ni mjomba wake." Mzazi akitaja namba, ibipu palepale. Ikiita mkononi mwake, weka vema. Mzazi asiyefika kikaoni apigiwe na mwalimu wa darasa wiki hiyohiyo.

Kisha ingiza orodha kwenye kompyuta. Hapa kuna mtego ambao umewatesa wengi: ukiandika 0712 na kuendelea katika Excel, programu inadhani ni hesabu na kuifuta sifuri ya mwanzo. Ukiandika kwa 255, namba ndefu inaweza kugeuka kuwa kitu kama 2.55712E+11. Dawa ni kuichagua safu nzima ya namba kabla hujaandika chochote na kuiweka katika mtindo wa maandishi. Andika namba zote kwa 255, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi katikati, kwa sababu mifumo mingi ya kutuma SMS hutaka hivyo. Tunza faili kwa neno la siri, nakala moja iwe kwa mkuu wa shule.

Hatua ya 2: Amua habari gani inapita wapi

Kabla ya kuchagua chombo, gawa habari zenyewe. Zipo za leohii: mtoto hajafika, mtoto ameugua, shule inafungwa mapema kwa sababu ya mvua. Hizo ni za SMS au simu ya sauti. Zipo za ratiba: kikao, mitihani, tarehe ya kufunga. Hizo zinapita kwa SMS na kurudiwa WhatsApp. Na zipo za mtoto mmoja: alama, nidhamu, afya, michango ambayo mzazi hajamaliza. Hizo haziingii kwenye grupu hata siku moja, hata mzazi mwenyewe akiuliza mbele ya watu.

Bandika mgawanyo huu ukutani ofisini na uwasomee wazazi kikaoni. Mzazi akijua kwamba habari ya dharura siku zote huja kwa SMS yenye jina la shule, hatahangaika kupekua meseji mia mbili za WhatsApp akitafuta kama kesho kuna masomo.

Hatua ya 3: SMS ya shule

Kutuma meseji moja moja kwa simu ya mwalimu ni sawa kwa wazazi watano. Kwa darasa zima, fungua akaunti kwa kampuni inayotoa huduma ya kutuma SMS kwa wingi. Utanunua salio la meseji, utapakia jedwali lako, utaandika mara moja na kutuma kwa wote. Utaomba pia jina la mtumaji, lile linalotokea mahali pa namba. Halizidi herufi 11, na linahitaji kuidhinishwa kabla ya kutumika, kwa hiyo liombe mapema, usingoje wiki ya mitihani. Chagua jina linalotambulika: kifupi cha shule ambacho wanakijiji wenyewe hukitumia ni bora kuliko kifupi rasmi ambacho hakuna anayekijua.

Jina la mtumaji lina kasoro moja: mzazi hawezi kulijibu. Kwa hiyo kila meseji inayotarajia jibu iwe na namba ya kupiga.

Sasa urefu. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Mbaya zaidi, ukiweka emoji au alama isiyo ya kawaida, uwezo wa meseji unashuka kutoka 160 hadi 70. Kiswahili chetu hakina herufi ngeni, lakini kina *ng'*. Ukiandika "waje na majembe kwa ajili ya kung'oa visiki" ndani ya Word kisha ukanakili, Word huwa imeshapinda ile alama ya juu, na alama iliyopinda inaihesabisha meseji nzima kwa 70. Salio linaisha na hujui lilipokwenda. Andika moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma, au ifute alama hiyo na kuiandika upya iwe imenyooka.

Tazama meseji hii, ambayo kila mzazi ameshapata ndugu yake:

"Ndugu mzazi/mlezi, uongozi wa shule unapenda kukutaarifu kuwa kutakuwa na kikao muhimu sana cha wazazi wote. Unaombwa kuhudhuria bila kukosa. Ahsante kwa ushirikiano wako."

Ina adabu zote, na ina herufi 171, maana yake inalipiwa kama meseji mbili. Siku haimo. Saa haimo. Mahali hapamo. Mzazi ataanza kupiga simu kuuliza, na mwalimu wa zamu atashinda akijibu. Andika hivi:

"KIKAO cha wazazi Kidato 2: Ijumaa 16/5 saa 3 asubuhi, bwaloni. Ajenda: mitihani ya Mei na chakula cha mchana. Huwezi kuja? Piga 07XXXXXXXX."

Haifiki herufi 140 na haina swali lililobaki. Wapo watakaoona haina heshima kwa sababu "Ndugu mzazi" imeondolewa. Mimi naona heshima kubwa kwa mzazi anayeuza mchicha sokoni ni kutompotezea muda. Ukiona ujumbe ni mkavu mno, weka "Shikamoo" ya kikaoni, si ya kulipia.

Meseji ya mahudhurio ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo rahisi kuharibu. Iende siku hiyohiyo, majina yakishaitwa na mwalimu wa zamu akishathibitisha kwamba mtoto hayuko kwenye usafi, zahanati au ofisi ya mlezi:

"Mzazi wa JINA, Kidato 2B: leo J3 12/5 hajafika shuleni hadi saa 3 asb. Kama anaumwa tujulishe 07XXXXXXXX. Mwl wa darasa."

Angalia kwamba haimshtaki mtu. Haisemi ametoroka, kwa sababu hujui kama ametoroka. Huenda yuko hospitali na mdogo wake, huenda hakupata daladala. Ukisema "mtoro" na kumbe alikuwa msibani, mzazi hatakuamini tena mara ya pili, na wewe ndiye utakayemhitaji. Kwa wale walioomba kupigiwa, piga. Dakika moja inatosha.

Hatua ya 4: WhatsApp bila vurugu

Grupu la WhatsApp linaweza kubeba watu 1024, kwa hiyo darasa halitakushinda kwa idadi. Litakushinda kwa mazungumzo. Tangazo la mitihani linawekwa saa moja jioni. Hadi saa mbili lina "asante mwalimu" arobaini chini yake, ombi la mchango wa harusi, na video ya mhubiri. Mzazi anayefungua bando lake saa nne usiku hataliona.

Fungua grupu la matangazo, ingia kwenye mipangilio yake na uruhusu admini pekee kutuma. Weka admini watatu: wewe, mwalimu wa taaluma na mjumbe mmoja wa wazazi ambaye kazi yake si kuandika bali kukuambia wazazi wanalalamikia nini. Kwenye maelezo ya grupu andika namba ya kuuliza na saa za kujibiwa, kwa mfano saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mwalimu naye ana watoto wake na ugali wake wa jioni.

Kuna wanaopendekeza orodha ya kutuma kwa pamoja badala ya grupu, ili wazazi wasionane namba. Wazo zuri, lakini orodha hiyo ina kikomo cha watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wazazi wasiohifadhi hawatapata kitu, na hutajulishwa. Ukiitumia, siku ya kikao simama na uhakikishe kila mmoja anaihifadhi namba ya shule mbele yako. Ukitumia grupu, waambie wazi kwamba namba zao zitaonekana na wengine, na asiyetaka abaki kwenye SMS.

Namba iwe ya shule, si yako. Mwalimu akipata uhamisho kwenda wilaya nyingine anaondoka na simu yake, na grupu linaondoka naye.

Kuhusu umbo la ujumbe: andika maneno, usitume picha ya barua yenye mhuri. Barua iliyopigwa picha kwenye meza yenye kivuli haisomeki, inakula bando, na mzazi hawezi kuinakili tarehe. Mhuri upendeze ofisini. PDF iwe ya vitu vya kutunza tu, kama ratiba ya muhula au orodha ya mahitaji. Sauti ya kurekodi inafaa sana kwa wazazi wasiosoma kwa wepesi, mradi isizidi dakika moja na ianze na jambo lenyewe. Usianze kwa kujitambulisha cheo hadi cheo. Wanaokusikiliza wanaijua sauti yako.

Hatua ya 5: Mwanafunzi asiwe wa mwisho kujua

Miongozo mingi humwandikia mzazi na kumsahau mtoto mwenyewe. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo chombo chao cha kwanza bado ni ubao wa matangazo, na teknolojia yake ni printa. Kila Ijumaa chapa karatasi moja ya wiki ijayo: majaribio, kazi zinazokusanywa, siku ya usafi, michezo. Karatasi hiyohiyo ndiyo inayoingia WhatsApp jioni, kwa maneno yaleyale, ili mtoto asiweze kumwambia mama yake jambo moja na ubao ukasema lingine.

Kazi ya nyumbani itajwe kwa somo, kitabu, ukurasa na siku ya kukusanya. Usitume kiungo peke yake. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo bure kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo, kwa hiyo mwenye simu janja nyumbani anaweza kufungua ukurasa husika, na asiyenayo atakwenda kwa jirani mwenye kitabu akijua anachotafuta.

Shule yenye chumba cha kompyuta na intaneti inaweza kuongeza Google Classroom. Ikiwa shule imesajiliwa kwenye huduma ya Google ya taasisi za elimu, ambayo ngazi yake ya msingi ni bure, mwalimu anaweza kumwalika mzazi apokee muhtasari kwa baruapepe kila siku au kila wiki: kazi ambazo mtoto hajakusanya, zinazokaribia, na yaliyotangazwa darasani. Ni zana nzuri kwa wazazi wanaofungua baruapepe. Kwa wengine, anwani ilifunguliwa na fundi simu siku simu iliponunuliwa na neno la siri alibaki nalo fundi. Usiitegemee kwa jambo lolote la dharura.

Na kanuni moja ambayo siivunji: mwanafunzi ayasikie matokeo yake kutoka kwa mwalimu kabla meseji haijaenda nyumbani. Asubuhi wagawie karatasi zao, jioni tuma. Mtoto akirudi nyumbani akiwa anajua alichopata na kwa nini, ana la kusema. Akikutana nayo mlangoni mkononi mwa baba yake, atakachojifunza ni kuiogopa simu.

Hatua ya 6: Matokeo, kila mzazi na ya mwanawe

Kubandika jedwali la darasa zima kwenye grupu, kuanzia wa kwanza hadi wa sitini na mbili, ni desturi iliyoenea na ni ya kuacha. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora mwaka 2023. Sembuse wewe na jaribio la mwezi?

Kompyuta inakurahisishia kutuma kwa kila mmoja. Jedwali lako liwe na jina safu ya A, namba ya simu B, alama za Hisabati za muhula uliopita C, za sasa D. Kwenye safu ya E andika:

="Mzazi wa "&A2&", Kidato 2B. Hisabati: ilikuwa "&C2&", sasa "&D2&". Ripoti kamili ipo kwa mwl wa darasa. Piga 07XXXXXXXX."

Ivute chini, na kila mstari unajiandikia meseji yake. Safu ya F weka =LEN(E2), ivute pia, uone kama kuna iliyozidi 160; majina matatu marefu huleta hilo. Kisha pakia safu ya B na E kwenye mfumo wa kutuma. Kabla ya kubonyeza, chukua mistari mitatu, wa juu, wa katikati na wa mwisho, uilinganishe na daftari la alama kwa jicho lako. Safu ikiteleza mstari mmoja tu, kila mzazi atapata alama za mtoto wa jirani.

Kwa nini alama mbili? Kwa sababu 47 peke yake haimwambii mzazi kitu. Akiona ilikuwa 31 anajua mtoto amepanda, na kwa madaraja ya sekondari ametoka D, inayoanzia 30, hadi C, inayoanzia 45. Wazazi wengi husikia "arobaini na saba kwa mia" na kushika fimbo.

Hatua ya 7: Sheria, picha na matapeli

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kenya wana yao ya 2019, na huko mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo ile sahihi ya kwenye fomu haipo pale kwa urembo. Mzazi aliyekataa picha, mtoto wake asionekane kwenye picha za mahafali zinazoingia grupuni, hata kwa nyuma.

Matapeli ni jambo la kila siku. "Mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya matibabu kwenye namba hii" ni wimbo unaojulikana, na unafanya kazi kwa sababu mzazi hana muda wa kufikiri. Tangaza kikaoni, na urudie kwa SMS kila mwanzo wa muhula, kwamba shule haiombi pesa kwa namba ya mtu binafsi, na kwamba mtoto akiugua mzazi atapigiwa na namba ileile aliyoihifadhi. Hilo linamaanisha walimu nao waishike kanuni: mchango hata wa karatasi za mtihani usipite kwenye simu ya mwalimu, hata kama ni haraka.

Hatua ya 8: Kagua kila wiki

Mfumo wa SMS hutoa taarifa ya meseji zilizofika na ambazo hazikufika. Ijumaa mchana ifungue. Namba iliyoshindwa mara moja huenda ilikuwa imezimwa. Iliyoshindwa mara tatu mfululizo imekufa, tafuta ya pili, na ya pili ikishindwa muulize mtoto, kisha ibipu. Kumbuka kwamba "imefika" maana yake imefika kwenye simu, haijasomwa. Njia ya kujua kama inasomwa ni kuweka swali jepesi mara moja kwa muhula, kama "Utakuja Ijumaa? Bipu 07XXXXXXXX", na kuhesabu.

Muhula ukifungwa, mkabidhi mkuu wa shule kwa maandishi: laini ya shule na namba yake ya siri, neno la siri la akaunti ya SMS, salio lililobaki, jedwali lenye tarehe ya mwisho kusahihishwa, fomu zenye sahihi, na majina ya admini wa kila grupu. Grupu la Kidato cha Nne waliomaliza lifungwe na namba zao zifutwe kwenye jedwali, isipokuwa wazazi wenye mtoto mwingine shuleni.